Mwaka Mama Zetu Walipoidai Chumvi

Tulimzika Benedikto kule Likombe mwaka huu, Jumamosi moja ya jua kali, na nusura nifukuzwe msibani. Jeneza lilipotolewa nje nilisimama mbele yake na mkongojo wangu, nikauinua na kuushusha kama mtu anayetwanga, huku nikimwambia marehemu kwamba Mngoni mvivu kama yeye huko aendako atalala njaa, maana amekufa hajajua kutwanga. Kina mama wa kwaya walikatiza wimbo. Kijana mmoja aliyevaa suti nyeusi alinishika kiwiko kwa heshima, akaniuliza kama nahitaji maji. Aliyeniokoa ni mtoto wa kwanza wa marehemu, ambaye alicheka huku machozi yanamtoka, akawaambia watu wamwache bibi, huyo ni mtani wa baba. Watu wazima wakaelewa, vijana wakabaki wananitazama. Kwenye bajaji ya kurudi Rahaleo, mjukuu wangu Mwanahawa aliona aibu mpaka tulipopita sokoni, ndipo akaniuliza, bibi, kwa nini umemtukana maiti? Nikamwambia nimemtukana kwa sababu kama ningeanza kumlilia nisingeweza kunyamaza. Jibu hilo halikumtosha, na kusema kweli hata mimi halikunitosha. Ndiyo maana tangu juzi nakaa barazani na daftari la Mwanahawa, nikiandika kwa mwandiko wangu wa kisomo cha watu wazima, mwandiko ambao Benedikto mwenyewe alikuwa akisema unafanana na kuku aliyekanyaga wino.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa mwisho mimi kuitwa mwali. Waingereza walikuwa bado wako bomani, bandari ya Mtwara ilikuwa ingali mpya, na sisi tulikuwa kijijini, upande ule ambako Ruvuma unamwaga maji yake baharini na mikoko imefunga kila mahali. Nyuma ya mikoko kulikuwa na uwanda mtupu, mweupe wakati wa kiangazi, ambao bamvua, yale maji makuu ya bahari, huufikia mara chache na kuuachia chumvi. Uwanda ule ulikuwa wa wanawake. Ulikatwa vipande, ngwe kwa ngwe, na kila ngwe ilikuwa na mwenyewe, aliyeipata kwa mama yake, ambaye naye aliipata kwa mama yake. Kiangazi tulikuwa tunakwangua udongo wa juu kwa makombe ya baharini, tunautia kwenye mtungi uliotobolewa kitako na kuwekewa nyasi, tunamwagia maji, na yale yaliyochuruzika tunayachemsha juu ya kuni za mkoko mpaka chumvi ibaki chini. Ilikuwa chumvi ya kijivu kidogo, yenye harufu ya moshi. Siku hizi nanunua ya pakiti, nyeupe pe, natia kijiko kizima na mchuzi bado unaniambia bado.

Msichana akichezwa unyago, akaposwa, mama yake humpeleka uwandani siku ya kwanza ya kiangazi na kumwonyesha ngwe. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchezwa na nimekwisha kuposwa na Hamisi, kijana mpole aliyekuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusema la kuchekesha. Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke, kwa hiyo Hamisi alikuwa anangoja nionyeshwe ngwe ili alete mkeka wake. Masika yalipoisha ndipo ikaja habari kutoka bomani kwamba uwanda ni ardhi ya Serikali, mikoko ni msitu wa Serikali, na kuna Mzungu mwenye kampuni anayetaka kupewa vyote achimbe mabwawa ya chumvi. Atakayekamatwa anakwangua atashtakiwa. Jioni ile Hamisi alikaa kwenye kizingiti chetu bila kucheka. Akasema kama hakuna chumvi hatutaweza kukaa, itabidi tufanye kama wengine, twende Lindi kwenye mashamba ya mkonge. Mama alikuwa anachambua kisamvu. Niliona anarudia kuchambua majani ambayo alikuwa amekwisha kuyachambua. Mimi nilikuwa sijawahi kulala mbali na sauti ya mama yangu hata siku moja, na usiku ule nililia kimyakimya nisimwamshe, kumbe naye alikuwa macho.

Wazee wetu wanaume walikwenda kwa Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya, wakamweleza. Naye hakuwafukuza. Aliwaambia malalamiko yaletwe kwa maandishi, kisha yeye mwenyewe atakuja kuona. Akaongeza kwamba kama chumvi ile ni ya kutia kwenye vyungu vyetu ataitazama kwa jicho jingine, lakini kama tunafanya biashara bila leseni, basi hana la kutusaidia. Hapa niseme ukweli, maana wote wanaoweza kuaibika wamekwisha kufa. Tulikuwa tunauza. Si sana, lakini watu wa juu Makondeni walikuwa wanatuletea mihogo mikavu na korosho, nasi tunawapa vibaba vya chumvi. Mama alisema kubadilishana na jamaa si biashara, na wanawake wote wakakubaliana naye haraka mno.

Aliyetumwa kuandika malalamiko alikuwa karani kijana wa bomani, Benedikto, aliyekuja kwa baiskeli akiwa amekunja suruali mguu mmoja. Alikuwa Mngoni kutoka Songea, Mkatoliki, hajui Kimakonde, na shingoni alikuwa na rozari aliyoificha ndani ya shati. Sisi na Wangoni ni watani tangu enzi za vita vya mababu. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia, akakutukana mbele ya wakwe zako, nawe huruhusiwi kukasirika. Kwa hiyo Bi Atika alipojua kabila la mgeni, uso wake uling'aa. Bi Atika alikuwa somo wangu, ndiye aliyenifunda unyagoni, na alikuwa rafiki wa mama wa tangu utotoni. Alikuwa hana mume wala mtoto, na ulimi wake ulikuwa unaogopwa hadi ng'ambo ya mto. Alichukua baiskeli ya Benedikto akaifungia ndani, akamwambia haitatoka mpaka atwange muhogo, kwa kuwa babu zake walikula mihogo yetu bila kutwanga. Benedikto akavua shati la Serikali, akashika mchi. Alitwanga vibaya sana. Unga uliruka mpaka nyusi zikawa nyeupe, na wanawake waliokuwa wamenuna wiki nzima kwa ajili ya uwanda wakacheka mpaka wakakaa chini. Nadhani hapo ndipo alipotupenda, ingawa mwenyewe alikuwa akisema alitupenda baadaye sana, mikono ilipoacha kumuuma.

Alipoanza kuandika, aliuliza ngwe ya kwanza ni ya nani. Mama akasema, ya Asumini. Asumini ni mimi. Akauliza ya pili, mwanamke mwingine akataja binti yake. Wote wakafanya hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika mwanamke aliyetaja jina la Zainabu, na Zainabu alikuwa mgongoni mwake, ana meno mawili. Benedikto akaweka kalamu chini. Akasema kwa adabu kwamba Serikali haiwezi kupokea malalamiko ya mtoto mchanga, inataka mwenye mali.

"Huyo ndiye mwenye mali," Bi Atika akamwambia. "Serikali ingoje akue."

Benedikto akamgeukia mama, akamwomba aeleze. Mama akaeleza kama mtu anayefafanua jambo ambalo hata kuku wanalijua. Kwamba ngwe ni ya yule anayekuja, na aliyepo sasa ameshikizwa tu. Akiulizwa na mtu mzima mwenzake ngwe ni ya nani, hawezi kutaja jina lake mwenyewe, ataonekana mroho. Benedikto alitusihi. Alisema Wazungu wanafuata kilichoandikwa, na aliyeandikwa ndiye wanayemjua. Mama zetu walisikiliza, wakashukuru kwa ushauri, wakataja majina ya mabinti zao. Bi Atika, ilipofika zamu yake, alinitazama kidogo, kisha akasema naye aandikiwe Asumini, kwani karatasi haijajaa. Nikajiinamia. Sikujua kama ninaruhusiwa kufurahi. Dole gumba waliweka wao, majina yakawa yetu.

Sasa nifike kwenye lile lililotaka kutuangusha. Mwaka ule wavulana wa kijiji walikuwa kumbini, porini, kwenye jando, na mdogo wangu Saidi akiwa mmoja wao. Ya ndani ya jando siyajui, na ninayoyajua siyasemi hata leo. Lakini hili moja nitalisema, kwa kuwa vijana wa sasa wanatahiriwa hospitalini na hakuna anayelishika tena. Mtoto akiwa kumbini, mama yake hali chumvi. Haitii kwenye chungu, haigusi, haiweki hata ndani ya nyumba. Akila chumvi, kidonda cha mtoto hakifungi. Na mama akiwa kwenye mwiko huo hausemi mbele ya wanaume, wala wanaume hawausemi mbele ya wageni. Mama alikuwa kwenye mwiko. Bi Atika alikuwa hana mtoto kumbini wala popote, lakini aliacha chumvi siku ileile aliyoacha mama. Nilimsikia mama akimkataza na yeye akijibu kwamba tangu wakiwa wadogo hawajawahi kula vyungu tofauti, na uzee haujampa sababu ya kuanza.

Ndani ya siku hizo ndipo Bwana Shauri alipokuja. Alikuja na Benedikto, akapelekwa uwandani, akaona majiko na mitungi, akauliza maswali ya maana, akarudi uani kwetu amepigwa na jua. Wanawake walikuwa wameamka alfajiri kumpikia. Mgeni wa namna ile hapikiwi na wasichana, anapikiwa na kina mama wenyewe, na walimpikia kuku wa nazi, kisamvu cha karanga na ugali wa muhogo mlaini kabisa. Walisonga, wakapakua, wakatandika mkeka mpya. Mikono yao ilikuwa imekwisha kuzoea kupika bila chumvi, na midomo yao ilikuwa imekwisha kuzoea kula hivyo. Katika wanawake wote wale waliozungukana na vyungu vile tangu kuku hawajatoka bandani, hakuna hata mmoja aliyekumbuka.

Bwana Shauri alikula tonge la kwanza, akatafuna polepole. Alikula la pili. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kwa upole, "Ninaomba chumvi."

Nilikuwa nimeshika birika la kunawia. Nakumbuka uzito wake. Kina mama walitazamana, halafu mmoja baada ya mwingine wakatazama chini. Hapakuwa na chumvi pale uani. Ilikuwepo nyumba za mbali, za wasio na watoto kumbini, lakini nani angekwenda kuileta na kuipitisha mbele ya mama wale? Nani angemweleza mgeni sababu? Mjomba, ambaye ndiye msemaji wetu, alianza kukohoa kikohozi kisicho na mwisho. Bwana Shauri alingoja. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha, maana ulikuwa uso wa mtu anayefikiri. Akamwambia Benedikto kitu kwa Kiingereza, na Benedikto, kwa sauti ya kujikaza, akatutafsiria. Bwana anasema mlimwandikia kwamba chumvi hii ni ya vyungu vyenu. Amekula chungu chenu, haimo. Anauliza chumvi yote inakwenda wapi.

Niliona uwanda unaondoka. Niliona mashamba ya mkonge ya Lindi ambayo sijawahi kuyaona. Mama alikuwa amekaa mbele yangu, na shingo yake, ambayo naijua kuliko yangu, ilikuwa imeinama. Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha, na Saidi alikuwa porini na kidonda chake.

Ndipo Bi Atika alipomgeukia, si Bwana Shauri, bali Benedikto, akamwita kwa sauti ya kumwonea, ileile ya siku ya kutwanga.

"Wewe Mngoni, uliingia porini mwaka gani?"

Benedikto akashtuka. Akasema kwao hawana mambo hayo.

"Nilijua," akasema Bi Atika. "Ndiyo maana umekaa hapo kama mtoto mchanga, unauliza maswali. Mtu ambaye mama yake hakuwahi kula mchuzi chapwa kwa ajili yake, atajua nini?"

Wanawake walishika midomo. Mjomba alikohoa hadi akainuka. Lilikuwa tusi, na tusi la mtani si habari, si siri iliyotolewa, hakuna wa kumlaumu. Vicheko vikaanza huku na huku, vya woga kwanza, halafu vya kweli. Lakini Benedikto hakucheka. Alitazama sahani ya Bwana, akatazama sahani za kina mama zilizokuwa pembeni na chakula kilekile, akatazama ua wote ule ambao haukuwa na mvulana hata mmoja wa rika la Saidi. Kisha akamtazama mama kwa muda mrefu, na nikajua ameelewa. Bwana Shauri akamuuliza wanacheka nini.

Alichojibu kilikuwa kwa Kiingereza, na nilikuja kukijua baada ya miaka, Benedikto alipokuwa mzee wa kuhadithia. Alimwambia Bwana kwamba kina mama hawa wako kwenye Kwaresima yao. Kuna watoto walio mbali na nyumbani, na mama zao wameacha chumvi mpaka warudi salama. Bwana akauliza watoto wako wapi. Benedikto akasema hilo haliulizwi, na akaomba radhi kwamba yeye mwenyewe hatauliza. Fikiria, karani kijana wa Kiafrika, enzi hizo, akimwambia Mzungu wake kuna jambo haliulizwi. Bwana Shauri akaangalia chakula chake, kisha akala. Alikula kuku, kisamvu na ugali, vyote bila chumvi, mpaka sahani ikabaki mifupa. Nimekuwa na mengi ya kusema juu ya Waingereza katika maisha yangu, na bado ninayo, lakini lile nililiona kwa macho yangu na siwezi kulificha.

Mwanahawa ananiuliza kama Benedikto alinipenda. Watoto wa siku hizi wanadhani kuna aina moja tu ya kupenda. Alimwoa mwalimu mmoja, Mkatoliki mwenzake, nami niliolewa na Hamisi wangu, na kila Krismasi nilikuwa namwibia kuku mmoja bandani kwake mchana kweupe, na kila Idi alikuwa anakuja kula pilau kabla hata wenye nyumba hawajala. Nilimpenda kwa sababu alipewa siri ya mama yangu kwa njia ya matusi, akaipokea kwa mikono miwili.

Watoto walitoka kumbini, wazima wote. Saidi alirudi amerefuka na anajifanya hanijui. Mama alionja chumvi mbele yake, na Bi Atika akaonja baada ya mama. Wiki chache baadaye Benedikto akaja na jibu la Serikali, akalisoma barazani, sentensi kwa sentensi, Mjomba akiligeuza kwa Kimakonde. Kampuni itapewa upande wa kusini. Upande wetu utaachwa. Waliotajwa katika malalamiko, kila mmoja kwa ngwe yake, wataruhusiwa kukwangua na kuchemsha kwa matumizi ya chungu cha nyumbani, maisha yao yote. Watu wakaanza kupiga vigelegele. Benedikto akainua mkono, hakuwa amemaliza. Akasoma kwamba mtu mwingine yeyote asiyetajwa haruhusiwi kuingia uwandani. Alikuwa ametuonya. Sasa aliwatazama wale wanawake, mmoja mmoja, wote ambao vidole vyao vilikuwa kwenye karatasi na majina yao hayakuwepo. Nilimtazama mama nikitegemea kuona uso umemshuka. Alikuwa anapiga vigelegele. Alikuwa amesikia vizuri kabisa, na alikuwa anapiga vigelegele.

Siku ya kwanza ya kukwangua, Hamisi alikuwa amekwisha kuleta mkeka wake. Nilitangulia uwandani na kombe langu jipya, kukiwa bado na ubaridi na udongo umeota weupe. Niliingia kwenye ngwe, nikapiga magoti, nikaanza. Baadaye nikasikia nyuma yangu pamenyamaza. Nikageuka. Mama na Bi Atika walikuwa wamesimama ukingoni, kila mmoja na mtungi wake kichwani, vidole vya miguu vimekoma pale udongo mweupe unapoanzia. Mahali pale mama alikuwa amefanya kazi tangu ana umri kama wangu. Bi Atika alikuwa anajizuia kucheka, lakini mama hakuwa anatania, au alikuwa anatania kwa namna ambayo sijaweza kuitofautisha na heshima mpaka leo.

"Hodi, mwenyewe," akasema mama.

Nilitaka kumwambia asiseme hivyo. Nilitaka kuinuka nikamshike miguu. Lakini alikuwa amengoja kulisema neno hilo mwaka mzima ule, na alikuwa amesimama juani na mtungi kichwani akiningoja mimi.

"Karibu, mama," nikasema. "Karibuni wote wawili."